Umefika Wapi?

Tulikuwa tumeshaipita Doma na kuingia kwenye kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi, simu ya dereva ilipolia kwa mara ya tatu. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kabisa, upande wa kushoto, kile ambacho abiria wenye hofu hukiepuka. Kutoka hapo unaona kila kitu: mikono ya dereva, kioo, lami, na simu iliyolala kwenye dashibodi ikitetemeka kila inapopigwa.

Akaipokea. "Niko Mikumi," akasema. "Mzigo wako upo, usiwe na wasiwasi." Akakata. Haikupita dakika ikalia tena. Safari hii alikuwa dereva mwenzake anayetokea upande wa Iringa, akimtahadharisha kwamba kuna tochi mbele kidogo. Akamshukuru, akapunguza mwendo, tukawapita trafiki taratibu. Tulipowaacha nyuma akaichukua simu tena, na sasa hakuwa anaongea, alikuwa anasoma. Kidole gumba kinapandisha meseji, mkono mmoja umeshika usukani, macho yanashuka na kupanda. Ukingoni mwa barabara walisimama swala, wamegeuza vichwa kututazama.

Nyuma ya kiti cha dereva alikaa mama mmoja mtu mzima, amempakata mjukuu. Akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, hiyo simu si ungeiweka kwanza? Humu umebeba watoto."

Dereva hakugeuka. "Mama, wewe lala tu. Njia hii naipita mwaka wa 17 sasa, usiku na mchana."

Kijana wa kiti cha pili akadakia, "Mama, usimchanganye dereva." Watu wawili watatu wakacheka. Yule mama akamvuta mjukuu karibu zaidi, akanyamaza. Nami nilinyamaza. Wakati huo nilikuwa nimeshasoma karibu kila utafiti nitakaoutaja katika sura hii, nilijua hasa kilichokuwa kinatokea kichwani mwa mtu yule aliyeshika usukani, na sikusema neno.

Tuliposimama mjini Mikumi kula, nilikaa naye meza moja. Nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, anaonaje habari ya simu barabarani. Akaacha kutafuna. "Kaka, kuchati ukiwa kwenye usukani ni kujiua. Hawa vijana wanaoanza kazi sasa hivi ndio wanaotumalizia watu. Mimi huwa nawakataza kabisa." Alisema kwa uchungu wa kweli. Alikwishazika wenzake wawili kwa ajali. Simu yake ilikuwa mezani, kando ya sahani ya wali.

Nilimwamini, na mpaka leo naamini kwamba hakuwa anadanganya. Tungekuwa tunashughulika na mtu asiyejua, kazi ingekuwa nyepesi: tungechapisha mabango, tukatangaza redioni, watu wakaelewa, mambo yakaisha. Lakini dereva wangu alijua. Alichoshindwa kukiona ni kwamba mtu anayemlaani ni yeye mwenyewe.

Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliwauliza wanafunzi wa chuo wa Marekani na wa Sweden wajipime dhidi ya wenzao waliokuwa kwenye chumba kilekile: je, unaendesha kwa usalama kuliko wao, au chini yao? Katika kundi lolote la watu, nusu tu ndio wanaoweza kuwa juu ya mstari wa katikati. Lakini Wamarekani 88 katika kila 100 walijiweka kwenye ile nusu iliyo salama zaidi, na Waswidi 77 katika kila 100. Kwa ustadi wa kuendesha, Wamarekani waliojiweka nusu ya juu walikuwa 93 kwa 100. Matokeo ya namna hiyo yamejirudia mara nyingi tangu hapo. Huko Marekani, taasisi ya usalama barabarani ya AAA huwahoji madereva kila mwaka, na majibu hufanana mwaka hadi mwaka: zaidi ya tisa katika kila kumi husema kusoma au kuandika meseji ukiendesha ni hatari kubwa, na karibu theluthi moja yao au zaidi hukiri kwamba wamesoma meseji wakiendesha ndani ya siku 30 zilizopita. Ukiyaweka majibu hayo pamoja, wengi wa wanaokiri ni walewale wanaolaani.

Huo si unafiki. Barabara yenyewe ndiyo inayomfundisha mtu hivyo. Mpishi akizidisha chumvi, ulimi unamwambia papo hapo. Fundi seremala akipima vibaya, mlango haufungi. Dereva anayesoma meseji kwa sekunde 5 anainua macho na kukuta barabara bado ipo, gari bado liko kwenye mstari wake, abiria bado wanasinzia. Anafanya hivyo mara mia, mara elfu, na kila mara anapewa jibu moja: umeweza. Uzoefu wa miaka 17 ambao angepaswa kuutumia kujihadhari unageuka ushahidi kwamba yeye ana kipaji ambacho wengine hawana. Siku barabara itakapotoa jibu lingine, huenda hatapata nafasi ya kujifunza.

Tuzipime hizo sekunde 5. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa mabasi ya Tanzania, linameza mita 22 kila sekunde. Katika sekunde 5 limekwenda mita 111, yaani limeuvuka uwanja mzima wa mpira kutoka goli hadi goli, na mwenye kuliendesha hakuwa anatazama. Hata kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kijijini, ni mita 70. Watoto wanaotoka shule upande mmoja wa barabara kwenda nyumbani upande wa pili wanahitaji kipande kidogo sana cha hizo mita 70.

Watu wengi wakisikia hesabu hiyo husema: basi dawa ni kutoitazama, niweke spika au visikilizio masikioni, mikono ibaki kwenye usukani na macho barabarani. Nami niliamini hivyo kwa miaka.

Februari 1997 jarida la tiba la New England lilichapisha kazi ya Donald Redelmeier na Robert Tibshirani wa Toronto. Waliwachukua madereva 699 wenye simu waliopata ajali zilizoharibu magari, wakapitia kumbukumbu za simu zao, wakamlinganisha kila mmoja na nafsi yake: dakika zile kabla ya ajali alikuwa kwenye simu? Na jana yake, saa ileile, je? Kwa njia hiyo hapana anayeweza kusema kwamba wenye simu ni watu wa tabia nyingine, kwa kuwa mtu analinganishwa na yeye yuleyule. Walikuta hatari ya kugongana huongezeka mara nne mtu anapokuwa kwenye simu. Na waliokuwa wakitumia vifaa vya kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, mjini Perth, Australia, watafiti waliwafuata madereva 456 waliofikishwa hospitalini baada ya ajali, wakatumia mbinu hiyohiyo, wakapata jibu hilohilo: mara nne, na kuacha mikono huru hakukusaidia.

Kwa nini? David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wameishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka 20. Waliwaweka watu kwenye mtambo unaoigiza gari, wakafunga kifaa cha kufuatilia macho, kisha wakawapima kuhusu mabango waliyoyapita. Waliokuwa wakiongea na simu walikuwa wameyaelekezea macho mabango hayo kama wengine, lakini walipoulizwa baadaye, mengi hawakuyatambua. Jicho lilifika, akili haikufika. Kiswahili kimetenga mambo hayo tangu zamani: kuna kutazama na kuna kuona. Mtu aliye kwenye simu anaitazama barabara.

Jaribio lao jingine lilichapishwa mwaka 2006, na ndilo lililonikosesha usingizi. Katika sura iliyopita tulizungumza kuhusu pombe. Strayer aliwachukua watu 40, akawaendeshesha kwenye mtambo huo wakiwa wazima, wakiwa wanaongea na simu, na wakiwa wamelewa hadi kiwango ambacho sheria ya Marekani inakihesabu kuwa ulevi. Watatu waliligonga gari la mbele walipokuwa kwenye simu. Walipokuwa wamelewa, hakuna aliyeligonga. Sasa fikiria basi letu. Dereva yule angepanda asubuhi akiyumba, ananuka pombe, abiria wangefanya nini? Wangeshuka. Wangempigia simu mwenye basi, wangewaita polisi wa stendi, wangempiga picha. Kwa simu tulicheka, tukamwambia mama asimchanganye dereva.

Kuna anayeuliza, na swali lake ni la haki: mbona abiria huongea na dereva njia nzima na hatuoni ubaya? Frank Drews, Strayer na mwenzao walilijaribu hilo mwaka 2008. Dereva aliambiwa atoke barabara kuu kwenye kituo fulani cha kupumzikia kilichokuwa mbele kilomita kadhaa. Waliokuwa wakiongea na rafiki kwa simu, nusu yao walikipita kituo. Waliokuwa na rafiki huyo pembeni, wengi walikiona wakatoka. Sababu ni kwamba abiria naye anaiona barabara. Lori likiyumba mbele, anakatiza maneno katikati. Kona ikija, sauti inashuka. Mara nyingine yeye ndiye anayesema, "Angalia, kituo kile pale." Aliye upande wa pili wa simu yuko sebuleni kwake au dukani, anataka jibu sasa hivi, wala hajui kwamba sekunde ile mtoto amekanyaga lami.

Na akili hairudi mara moja simu inapokatwa. Mwaka 2015 kundi hilo la Utah, likifanya kazi na AAA, lilipima muda ambao dereva hubaki amezubaa baada ya kumaliza kutoa amri za sauti kwa gari au simu yake. Katika mifumo iliyosumbua zaidi, ilichukua hadi sekunde 27. Dereva wetu alipoirudisha simu kwenye dashibodi, sote tulivuta pumzi, tukidhani amerudi. Huenda alikuwa bado yuko kwenye yale mazungumzo, zaidi ya nusu kilomita nyuma yetu.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo vitabu vya usalama barabarani huliacha nje. Nani alikuwa anampigia?

Mara ya kwanza ilikuwa ofisi ya kampuni ikiuliza amefika wapi. Mara ya pili, mke wake. Ya tatu, mwenye mzigo. Ya nne, dereva mwenzake na habari za tochi. Anayemlaumu dereva wa basi la Tanzania bila kuhesabu simu hizo hajawahi kutuma kifurushi. Sisi tumeyafanya mabasi kuwa posta yetu. Tunampa dereva au konda bahasha, dawa ya mgonjwa, gunia la mchele, kipuri cha trekta, tunachukua namba yake, na kuanzia hapo anakuwa wetu. "Umefika wapi?" "Umeshapita Chalinze?" "Nije stendi saa ngapi?" Kwa bodaboda na kwa dereva wa teksi wa mtandaoni hali ni ngumu zaidi, maana kwao simu ndiyo kazi yenyewe: abiria anaitwa kwa simu, ramani iko kwenye simu, malipo yanaingia kwenye simu, na asiyepokea upesi mteja anachukuliwa na mwingine. Umeshamwona kijana wa bodaboda aliyeichomeka simu kati ya kofia na sikio, anakatiza magari huku anaelekezwa, "Ukifika kwenye duka la dawa kata kulia." Si mzaha kwake. Anatafuta hela ya kumpelekea tajiri jioni.

Nami ni mmoja wa wapigaji. Mwaka juzi nilimpa dereva wa basi bahasha yenye hati za kiwanja, ifike Dodoma kabla ofisi hazijafungwa. Nilimpigia mara nne. Kila mara alipokea kwa heshima, na nyuma ya sauti yake nilisikia mvumo wa injini na honi ya gari lililokuwa likipishana nao. Nilisikia kabisa. Sikuwahi kuwaza kwamba ule mvumo ni watu. Baadaye, nilipokaa kuandika sura hii, nilijiuliza: kama siku ile lingetokea la kutokea, nani angeliandika jina langu kwenye taarifa? Hakuna. Wangeandika uzembe wa dereva.

Kwa hiyo ninaposema mtazamo wa madereva, ninasema pia mtazamo wa mwenye basi anayetaka kila simu yake ipokelewe, wa mteja anayenuna usipojibu, wa mke mwenye hofu, ambaye hofu yake yenyewe ndiyo inayomwongezea mumewe hatari. Kifaa cha VTS ambacho LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hukitumia kufuatilia mabasi kinajua basi liko wapi na linakwenda kwa mwendo gani. Macho ya dereva yako wapi, hakijui. Na ofisi inayoweza kuliona basi lake kwenye ramani haina sababu ya kumpigia mtu aliye kwenye usukani kumuuliza amefika wapi.

Watengenezaji wa magari nao hawawezi kupita hapa bila kuguswa. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipeleka magari mapya 11 kwenye uwanja wa ndege, na kando yake Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida. Dereva alitakiwa afanye kazi nne ndogo kama kuwasha joto la kiti na kutafuta kituo cha redio, huku gari likienda kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo kuukuu alimaliza kwa sekunde 10. Kwenye gari jipya la umeme la MG lenye skrini ya kugusa, zilikwenda karibu sekunde 45, yaani zaidi ya kilomita moja na robo. Euro NCAP, chombo kinachopima usalama wa magari Ulaya, kimeamua kuanzia 2026 kuyapunguzia alama magari yasiyo na vitufe au vishikio halisi vya mambo ya msingi kama honi, waipa na taa za hatari. Kwetu skrini zilifika kwa njia nyingine: kwenye magari ya mtumba kutoka Japani, yanayosema Kijapani na kuonyesha ramani za miji ambayo hatutafika. Mafundi wetu huzing'oa, wanaweka nyingine kubwa zaidi, na jioni kwenye foleni unaona kupitia kioo dereva wa gari la mbele anatazama mpira au filamu.

Huko Japani kwenyewe walishajifunza kwa maumivu. Oktoba 2016, katika mji wa Ichinomiya, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa akivuka kutoka shule aligongwa na lori ambalo dereva wake alikuwa akicheza Pokémon Go kwenye simu. Kuanzia Desemba 1, 2019, faini ya dereva wa gari dogo anayeshika simu ilipandishwa kutoka yeni 6,000 hadi yeni 18,000, na akisababisha hatari anaweza kufungwa. Uingereza ilipiga marufuku simu ya mkononi barabarani mwaka 2003, lakini maneno ya sheria yalihusu mawasiliano, hivyo dereva aliyekuwa akipiga video akashinda kesi mahakamani mwaka 2019. Ilibidi sheria iandikwe upya, ikaanza Machi 2022. Kenya, kwa kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, hutoza shilingi 2,000. Sheria nazitaka na adhabu nazitaka. Lakini mmeona wenyewe tulivyopita kwenye tochi ya Mikumi: sheria ilitupata tukiwa wema, na simu ndiyo iliyotupa habari.

Kuna neno linalotuangusha. Tunaita ajali. Asili yake ni Kiarabu, ajal: muda uliokadiriwa, siku ambayo uhai wa mtu utakoma. Wazee wa pwani bado hulitumia hivyo wakisema ajali ya fulani imefika. Kwa hiyo kila tunapotangaza kwamba basi limepata ajali, lugha yenyewe imeshatuambia kwamba siku ilikuwa imeandikwa. Ukiongeza na ajali haina kinga, mjadala umefungwa, na dereva, mwenye basi na mpigaji simu wote wanarudi nyumbani. Waingereza wana tatizo dogo la namna hiyo kwa neno lao, accident, na mwaka 2001 jarida la tiba la BMJ liliamua kuacha kulitumia, likisema majeraha mengi hutabirika na huzuilika. Sidai tulitupe neno letu. Lakini imani ninayoijua mimi, ya Kiislamu na ya Kikristo, haijawahi kumfundisha mtu afumbe macho kisha amtegemee Mungu. Kila aliyesoma madrasa anakumbuka habari ya bedui na ngamia wake: mfunge kwanza, ndipo utawakali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na karibu mmoja kati ya watano alikufa katika Ukanda wa Afrika, ambako magari ni machache kuliko kwingineko. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa wala vita vinavyoua kuliko barabara. Sitaki kuamini kwamba siku zao zote zilikuwa zimefika.

Nimetafuta muda mrefu jambo lililowahi kumbadilisha dereva wa abiria katika nchi zetu, likapimwa kwa haki, na lililonipa moyo kuliko yote ni stika. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliibandika ndani ya matatu za Kenya, pale ambapo abiria anaisoma akiwa amekaa. Iliwaambia abiria wasinyamaze dereva anapoendesha ovyo, waseme. Baadhi ya matatu zilipewa stika na nyingine hazikupewa, kwa kura. Madereva waliozitunza stika waliingizwa kwenye bahati nasibu ya kila wiki. Kisha wachumi hao wakahesabu madai yaliyofika kwenye bima. Katika jaribio la kwanza, lililohusu zaidi ya matatu 1,000 zilizobandikwa, madai yalishuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Wakarudia kwa upana zaidi, matatu karibu 12,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha madai yameshuka kwa kati ya robo na theluthi. Kampeni ikapata jina ambalo Mkenya yeyote analielewa bila kufafanuliwa: Zusha!

Matatu zile hazikufungwa kifaa kipya, wala hakukuja askari mpya. Stika haikumfundisha dereva kitu ambacho hakukijua. Ilimwambia mtu kama yule mama kwamba si peke yake, na ikamwambia mtu kama yule kijana wa kiti cha pili kwamba anayemchanganya dereva ni yule anayempigia. Abiria mmoja akisema, ni kelele. Watatu wakisema, dereva anageuka kuwa mtu aliye mbele za watu, na mtu aliye mbele za watu hujiona. Hicho ndicho dereva wangu alichokuwa amekikosa kwa miaka yote 17 barabarani: jicho la mwingine linalomrudishia sura yake kabla barabara haijafanya hivyo.

Tulipomaliza kula tukaendelea. Tukapita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa kandokando ya njia, jua limeanza kulegea. Kitonga ikaja. Anayeijua Kitonga anajua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na malori yanashuka kwa gia nzito, harufu ya breki inakutangulia. Tulikuwa kwenye kona ya pili au ya tatu simu ilipolia.

Mkono wa dereva uliondoka kwenye usukani.

"Kaka," nikasema, na nilisikia sauti yangu inatetemeka, "mpe konda apokee."

"Eeh, mpe konda, mwanangu," akasema mama nyuma yake. Na mtu mwingine, wa viti vya kati ambako sikutegemea kama wanasikia, akaongeza, "Suka, hapa mlimani bwana." Yule kijana hakusema kitu, lakini hakucheka.

Simu iliita mara mbili zaidi. Kisha dereva akaichukua bila kuitazama, akainyoosha nyuma ya bega lake, na konda akaja ameshika nguzo, akaipokea.

"Haloo. Hapana, ni konda. Yuko kwenye usukani." Akasikiliza. "Tunapanda Kitonga. Mzigo upo, tukifika nitakupigia mimi."

Akaitia mfukoni mwake. Iliita tena kabla hatujafika Ilula, na konda ndiye aliyeipokea.